Mbwa Mkubwa, Mpole, Anatafuta Kwao

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia kwenye mkutano wa mwezi)



Tunajua ni wakati wa palizi na kila mtu ameacha jembe shambani. Hapa tumezoea kuzungumza juu ya kisima, mbuzi wa maziwa, mizinga ya nyuki na michango yetu ya kuzunguka. Leo tumeomba nusu saa tuzungumze juu ya mbwa. Tumesikia wengine wakicheka hapo nyuma. Chekeni tu, hata sisi tulicheka siku ya kwanza. Lakini tafadhali mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu maneno haya yana mtoto ndani yake, na yana mbuzi wawili waliouzwa.

Mlipoingia mmempita. Ni yule amelala chini ya mwembe, mkubwa, rangi ya udongo mwekundu, uso mweusi, sikio moja limesimama na lingine limeanguka. Wengine wenu tumewaona mkizunguka nyuma ya jikoni ili kumkwepa. Anaitwa Simba. Jina walimpa watoto wa shule ya chekechea, na jina limemzidi, maana roho yake ni ya kondoo. Ni chotara. Daktari wa mifugo anasema upande mmoja ni wale mbwa wachungaji wa Kijerumani ambao polisi hutumia, na upande mwingine ni mbwa wetu wa kienyeji. Umri wake, kwa kuangalia meno, ni miaka mitano au sita.

Ombi letu ni moja. Simba apate boma la kudumu. Tunasema la kudumu, si la mwezi mmoja.

ALIKOTOKA

Mwaka jana baada ya mvua ya masika, kulikuwa na ploti kando ya barabara ambayo mwenyewe aliiuza akahama. Siku ya kuhama alipakia vitanda, viti, kuku, hata mabati ya choo. Mbwa hakupakiwa. Lango liliachwa wazi, labda ili akajitafutie. Lakini mbwa aliyelelewa kwa kupewa chakula hajui kujitafutia, anajua kungoja. Alingoja pale langoni karibu wiki tatu. Gari likipunguza mwendo, anasimama. Likipita, analala tena.

Njaa ilipomzidi akaja sokoni. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Shingoni alikuwa na kamba ya nailoni iliyokazwa mpaka ikaingia ndani ya nyama, na kidonda kilikuwa kinanuka. Vijana wa bodaboda walimrushia mawe. Mwenye bucha alisema atamwekea sumu. Hatuwalaumu sana, kwa sababu mtu akiona mbwa mkubwa namna ile, mgonjwa, asiyejulikana ni wa nani, anaogopa.

Mama mmoja anayeuza mandazi ndiye aliyemwekea maji kwenye mkebe wa rangi. Kisha akaja ofisini kwetu akauliza, "Nyinyi si ndio watu wa huduma? Mtafanya nini?"

Tulimjibu kwamba kazi yetu ni watu. Tuna fomu za karo, tuna fomu za yatima na wajane, fomu ya mbwa hatuna. Yule mama alitutazama, akasema, "Na yule mtoto aliyeumwa, yeye hakuwa mtu?" Akabeba karai lake akaenda zake.

Tulikaa kimya. Alikuwa amesema kweli.

MTOTO ALIYEUMWA SOKONI

Wengi wenu mnakumbuka. Ilikuwa miaka miwili kabla ya hapo. Mtoto wa darasa la pili aliumwa mguuni na mbwa, pale pale sokoni. Mbwa wa nani? Hakuna aliyejua. Watu wanne walikiri kwamba wamewahi kumtupia mifupa, lakini hakuna hata mmoja aliyesema ni wake. Akafukuzwa kwa mawe, akaingia vichakani, hakuonekana tena.

Shida ilianzia hapo. Mbwa akiwa na mwenyewe, akiuma mtu anafungwa na kuchunguzwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, tunajua hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza kichaa siku aliyouma. Tena mwenyewe anaulizwa kadi ya chanjo. Mbwa aliyepotelea vichakani hachunguzwi wala hana kadi. Kwa hiyo yule mtoto ilibidi ahesabiwe kuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa.

Nyumbani walikuwa wamempaka pilipili na majani kwenye kidonda, wakafunga kitambaa. Siku mbili zikapita. Mahali pa kwanza walipokwenda dawa haikuwapo, wakatumwa mbali zaidi. Sindano za kinga hazipigwi mara moja zikaisha, hurudiwa kwa siku zilizopangwa, na kila safari ni nauli ya mtoto na ya mzazi. Baba yake aliuza mbuzi wawili, mmoja wao ni yule aliyempata kwenye zamu ya kikundi. Tunamshukuru Mungu mtoto yuko hai, na leo yuko shuleni. Lakini ile familia ilirudi nyuma, na mwenye mbwa hakutoa hata shilingi, kwa sababu mwenye mbwa hakuwapo.

Hilo ndilo tunalotaka mbebe kwenda nalo nyumbani. Mbwa wa kila mtu ni mbwa asiye na mtu, na siku akiuma, anayelipa ni maskini.

KICHAA CHA MBWA NI NINI

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye kidonda, hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi miwili mitatu. Kwa hiyo mtu anaweza kusahau kabisa kwamba aliumwa. Lakini dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Muda wa kuokoa mtu ni kabla ya dalili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wagonjwa 99 katika kila 100 huambukizwa na mbwa. Na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa wagonjwa, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto hucheza chini, hukimbia, na akiumwa wakati mwingine huficha akiogopa kuchapwa. Wazazi, msiwachape watoto kwa jambo hilo. Mnawafundisha kunyamaza.

Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Ni zaidi ya miaka mia moja na bado tunao. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu vya ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Msingi wa mpango huo ni chanjo ya mbwa. Katika kila mbwa 100, angalau 70 wachanjwe, na kazi hiyo irudiwe kila mwaka. Idadi hiyo ikifikiwa, ugonjwa unakosa mahali pa kupita, unakufa wenyewe.

Sasa tuulizane. Nani anamleta mbwa kwenye chanjo? Mnajua wenyewe watu wa mifugo wakija hapa uwanjani inakuwaje. Mbwa wanaochanjwa ni wale walioletwa na mama au mtoto ameshika kamba. Mbwa asiye na mwenyewe anatazama kwa mbali kutoka kwenye vichaka, kisha anaondoka. Kwa hiyo kumpa mbwa mwenyewe ni sehemu ya dawa.

Na mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa na mbwa, kumbukeni haya. Osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, tumbaku wala mafuta ya gari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maliza sindano zote utakazoandikiwa, hata kama kidonda kimekauka. Na mbwa msimuue kwa haraka. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe mahali, na ofisi ya mifugo iambiwe.

TULIVYOMTUNZA

Tulirudi kwa yule mama wa mandazi tukamwomba radhi. Tukamwita daktari wa mifugo. Alimpiga Simba sindano ya usingizi, akaikata ile kamba, akasafisha kidonda. Tulimpa dawa ya minyoo na tukamwogesha dawa ya kupe. Alipopata nguvu alichanjwa, na baadaye akahasiwa. Kadi yake iko hapa mezani, mtu yeyote anaweza kuiangalia.

Siku ya kwanza tulimpima kwenye mizani ya ndengu, alikuwa kilo 24. Mwezi uliopita alikuwa kilo 38. Dawa yenyewe ilikuwa ugali, omena na maji safi, basi.

TABIA YAKE

Tusiwafiche kitu. Tunasema mema na mabaya, kama vile mtu anayeuza ng'ombe mbele ya majirani.

Mbuzi hawasumbui. Tulimtembeza kati ya mbuzi akiwa kwenye kamba kwa wiki mbili kabla ya kumwachilia, na sasa analala karibu na zizi. Kuku hawafukuzi. Watoto wa chekechea humshika masikio naye hufumba macho tu. Pamoja na hayo, hatumwachi na watoto wadogo bila mtu mzima karibu. Mnyama ni mnyama, na mtoto ni mtoto.

Je, analinda? Swali hilo tunaulizwa kila siku. Usiku mgeni akija langoni, Simba husimama na kubweka kwa sauti nzito inayosikika mpaka kanisani. Hajauma mtu tangu tumjue. Lakini mwizi hasimami kuuliza kama sauti hiyo ina meno.

Sasa mabaya yake. Kwanza, anaiba mayai. Kuku akitaga nje, usimlaumu mtoto. Pili, anaogopa radi. Mvua ya vuli ikianza kunguruma anaweza kuvunja mlango akimbie, kwa hiyo siku hizo afungiwe ndani. Tatu, akiona mtu ameinua fimbo au ufagio juu, analala chini na kujikojolea. Hatukumfundisha sisi. Kuna mtu alimfundisha zamani.

MABOMA MAWILI YALIYOMRUDISHA

Simba ameshachukuliwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni jamaa mmoja aliyetaka mlinzi mkali. Alipoona mbwa ni mpole, alimfunga mnyororo mfupi mchana na usiku, akamtilia pilipili kwenye chakula, na kumpiga ili akasirike. Baada ya wiki mbili alimrudisha akisema, "Huyu ni mkubwa bure." Kosa lilikuwa letu pia. Tulifurahi kuondolewa mzigo, hatukwenda kuliona boma, wala hatukuuliza anamtakia nini.

Mara ya pili alichukuliwa na mzee mmoja anayeishi peke yake, mtu mwema sana. Walikaa vizuri miezi saba, mzee akienda shambani mbwa nyuma yake. Halafu mzee akaugua, mwanawe akaja kumchukua kumpeleka kwake Mombasa, chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Mzee alimleta Simba mwenyewe kwa miguu, akaketi naye hapa chini ya mwembe mpaka jioni. Huyo hakumtupa. Lakini hatukuwa tumeuliza, "Mzee, ukiugua nani atamshika?"

Kila mara aliporudishwa, Simba alilala langoni siku kadhaa akitazama barabara, chakula anakionja tu. Msomaji wa Biblia anamkumbuka yule mbwa aliyefuatana na Tobia safari nzima, kwenda na kurudi. Mbwa ndivyo alivyo. Hajui mkataba wala ploti kuuzwa. Yeye anajua mtu wake.

MBONA ASIKAE HAPA OFISINI?

Mtauliza, si ana chakula na ana mwembe? Tuwaambie jambo ambalo linatuaibisha.

Wakati wa Pasaka ofisi ilifungwa siku nne. Sisi tuko wanne. Kila mmoja alidhani mwenzake anapita kumpa Simba maji. Mlinzi wa zamu alidhani ni kazi yetu. Jumanne tulipofungua, beseni lilikuwa kavu, limelambwa mpaka vumbi lote limetoka. Simba alikuwa amelala kando yake, midomo imekauka, na alipotuona alitikisa mkia. Sisi tunaowafundisha wengine habari ya wajibu tulimwacha mnyama karibu afe kwa kiu, na hakuna aliyekusudia. Alikuwa wa sisi wote, basi akawa hana mtu.

Nyinyi wenyewe mnalijua jambo hili. Wilbaro la kikundi lililonunuliwa kwa michango liko wapi? Lilinyeshewa nyuma ya nyumba ya mtu mpaka gurudumu likakatika, kwa sababu kila mtu alikuwa na haki ya kulitumia na hakuna aliyekuwa na kazi ya kulianika. Wilbaro haliumwi na kiu, lakini mbwa anaumwa.

Kuna kikundi kimoja hapa kilitutumia barua kuomba Simba akalinde kitalu chao cha miche. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini tuliwauliza, Jumapili nani anampa chakula? Wakasema, "Tutapeana zamu." Tukawajibu, mtafuteni mtu mmoja kati yenu ambaye jina lake litaandikwa kwenye kadi, alale kwake, na nyinyi wengine mumsaidie unga. Bado tunangoja jina.

MAMBO TUNAYODANGANYANA

"Mbwa akihasiwa anakuwa mvivu, halindi." Si kweli. Anaacha kuzurura akitafuta majike na kupigana njiani, kwa hiyo usiku yuko bomani anakotakiwa kuwa.

"Mbwa akichanjwa anapoteza ukali au anakufa." Chanjo haigusi ukali wake. Inampa kinga, na inakupa wewe na watoto wako usingizi.

"Mbwa apewe pilipili au bangi awe mkali." Hiyo inamtesa tu. Mbwa anayeuma kwa sababu ya maumivu hachagui mwizi na mtoto wa jirani.

"Mbwa mkubwa ni hatari kuliko mdogo." Mkubwa akiuma anaumiza zaidi, hiyo ni kweli. Lakini kama anauma au hauma inategemea sana alivyolelewa, na kama ni mzima. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, au mkali akigeuka mpole ghafla, anatokwa mate, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, kaeni mbali na mwiteni afisa wa mifugo.

"Mbwa hana sheria." Anayo. Tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayokataza kumpiga na kumtesa mnyama, kumshindisha njaa, au kumtupa ili ateseke. Tuna pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Sumu mnayotega kwa mbwa mmoja inaweza kuliwa na kuku, na mbwa wa jirani, na hata kufika mikononi mwa mtoto.

ANACHOHITAJI

Tumepiga hesabu, kama tunavyopiga ya mradi wowote. Msiseme baadaye hatukuwaambia.

1. Chakula. Kwa siku, karibu nusu kilo ya unga wa mahindi uliopikwa ukaiva, pamoja na omena ngumi moja, au mabaki ya nyama na matumbo yaliyochemshwa. Pakiti ya kilo mbili humaliza siku nne au tano, basi mwezi ni pakiti saba hivi. Bei mnaijua. Ukoko na makombo yasiyo na vitunguu husaidia kupunguza. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, huvunjika kama sindano na kumtoboa tumbo.

2. Maji. Beseni lisikauke. Katika mwezi wa ukame mkihesabu mitungi ya watu na ya mbuzi, mhesabu na yake.

3. Mahali pa kulala. Kibanda cha mbao au cha matofali, kiwe na paa lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa kidogo, na mlango unaotazama upande usio na upepo. Awe na nafasi ya kugeuka na kujinyoosha.

4. Dawa. Chanjo ya kichaa kila mwaka, dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na kupe kuondolewa mara kwa mara.

5. Mtu. Awepo mtu mzima anayeshinda nyumbani mchana, na mtu wa pili wa kumshika wa kwanza akiugua au akisafiri. Baada ya lile lililompata mzee wetu, hili hatuliachi tena.

Mbwa wakubwa kwa kawaida huishi miaka kumi hivi, wengine zaidi kidogo. Kwa hiyo Simba anaweza kuwa na miaka mitano mbele yake. Mtoto wako aliye darasa la tatu leo, Simba atakapokuwa mzee, atakuwa amemaliza darasa la nane kwa umri. Ahadi ni ya urefu huo.

UTARATIBU WETU

Safari hii hatumtoi kwa haraka. Mwenye nia aje aandikishe jina. Tutatembelea boma, tutaketi na baba, mama, na watoto, maana mara nyingi baba ndiye anayeomba mbwa na mama ndiye anayempikia. Wote wakikubali, Simba atakwenda pamoja na kadi yake, bakuli lake na gunia analolalia, ili akute harufu anayoijua.

Wiki tatu za kwanza asiachiliwe kuzurura, kwa sababu atajaribu kurudi huku. Atembezwe kwa kamba, alishwe na mtu yule yule, saa zile zile. Mbuzi na kuku awaone kwanza akiwa ameshikwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Simba tunawaomba mumwongezee siku. Jembe lake la ulinzi atalishika akishajua kwamba hapo ni kwao.

Kwa mwaka wa kwanza tutapita kila mwezi. Chanjo ya mwaka huo tutalipia sisi. Ikitokea mmeshindwa, mtuambie, hatutawagombeza. Mlango uko wazi. Kitu kimoja tu tunakataza kabisa, asiachwe barabarani. Nairobi kule Karen kuna chama cha kutunza wanyama, KSPCA, kilicho na makao ya mbwa waliotupwa. Lakini kule ni mbali, na mbwa wanaongoja ni wengi. Sisi tunaona wa kwetu atunzwe kwetu.

KABLA HATUJAACHANA

Tukitoka hapa, anayependa aende amsalimu. Usimkimbilie, usimwinamie kichwani, na fimbo za kutembelea tafadhali ziegemezwe ukutani. Simama kando, mpe mkono anuse, ungoja. Akikuegemea mguuni kwa uzito wake wote, usianguke. Hiyo ndiyo salamu yake.

Na hata kama Simba si wako, unaye mmoja nyumbani, au yuko mmoja anayezunguka bomani kwako ambaye unamtupia ukoko jioni. Tunakuuliza kwa upole, huyo ni wa nani? Kama ni wako, sema ni wako, mlete siku ya chanjo na kamba yake. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini huna haja ya kuingoja. Uliza ofisi ya mifugo wiki hii.

Maswali ya kujadiliana kwenye kikundi:

1. Katika kijiji chetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wana kadi ya chanjo?

2. Mtoto akiumwa leo jioni, tunajua ni hospitali gani yenye dawa? Nauli itatoka wapi? Je, kikundi kinaweza kutenga kiasi kidogo kwa dharura hiyo?

3. Ni mbwa gani, au ni kitu gani kingine cha kikundi, ambacho ni cha wote na kwa hiyo hakina mtu? Tuandike jina la nani?

4. Kuna boma gani kati yetu linaloweza kumpokea Simba kwa miaka yake iliyobaki?

Swali la mwisho tunaomba lijibiwe kabla ya mkutano ujao. Mlete jina moja.